Kubadilisha mtungi wa gesi: pima kwanza, lipa baadaye

Assalaam alaykum wanakikundi. Ramadhani inabisha hodi, na ikifika maduka ya gesi hujaa watu wenye haraka. Kwenye haraka hiyo ndipo watu wanapopunjwa, na ndipo mtungi mbovu unapopita bila kutazamwa. Wengi wetu huku Zanzibar hatusubiri mtungi wetu ujazwe. Tunaacha mtupu, tunachukua mwengine uliojaa. Yaani unaingiza nyumbani chombo kilichotoka jikoni kwa mtu usiyemjua.

Hatua ya 1. Hakikisha gesi imekwisha kweli. Moto kufifia si ushahidi. Ukiwasha meko yote mawili kwa muda mrefu, gesi ya majimaji iliyo ndani inageuka mvuke na kunyonya joto. Mtungi unapoa mpaka unatoka jasho, na presha inashuka. Zima, uache upate joto, jaribu tena. Ukiurudisha na nusu kilo ndani, umemwachia mwenye duka.

Hatua ya 2. Utazame mwili. Hewa yetu ya chumvi hupenda kuanzia kitako, kwa hivyo uinamishe uone chini. Kutu inayofutika kwa kidole haina neno. Ikibanduka magamba, au mtungi una bonde, omba mwengine bila kuona haya. Sili, kile kifuniko cha plastiki juu ya valvu, ni jambo jema, ila haipimi uzito.

Hatua ya 3. Mizani. Hapa ndipo penye somo lenyewe. Watu hutikisa mtungi, wengine huunyanyua na kusema "huu umejaa huu". Jamani, mikono haipimi gesi iliyo ndani ya chuma. Tafuta namba iliyogongwa kwenye kola au bamba karibu na mshikio, mara nyingi ina herufi TW au neno TARE: huo ndio uzito wa mtungi mtupu. Jumlisha na gesi unayonunua. Tuseme imeandikwa 7.2 na gesi ni kilo 6: mizani isome 13.2. Wa kilo 15 ulioandikwa 15.6 usome 30.6. Namba hiyo uisome kwa macho yako, usitajiwe, maana mitungi ya ukubwa mmoja haina lazima uzito mmoja. Mizani ianze sifuri, iwekwe pahala palipo sawa. Gramu chache zisikugombanishe na mtu; nusu kilo ni pesa yako.

Uzito ukizidi sana, kataa vilevile. Kwa kawaida mtungi hujazwa takriban asilimia 80 tu ya nafasi yake, kwa sababu gesi ya majimaji hutanuka ikipata joto. Uliojazwa kupita kiasi, kisha ukaachwa juani, hauna pa kutanukia.

Hatua ya 4. Njiani na nyumbani mtungi usimame wima. Ukilazwa, majimaji yanaweza kuingia kwenye regyuleta, kile kifaa cha kwenye valvu kinachopunguza presha, na moto ukalipuka jikoni.

Hatua ya 5. Kabla ya kuunganisha mtungi na jiko, zima kila chenye moto: jiko la makaa, chetezo cha udi, dawa ya mbu ya kuwasha. Funga regyuleta kwenye mtungi, fungua gesi, paka povu la sabuni kwenye maungio yote. Mapovu yakivimba, panavuja. Usijaribu kwa kiberiti.

MASWALI

Mama wa Wete: Mwanangu anataka kuhamisha gesi kutoka mtungi wa kilo 38 kuingiza kwenye wa kilo 6, anasema ni rahisi zaidi. Nimruhusu?

Hapana mama, hata uwanjani. Wanaofanya hivyo huupindua ule mkubwa kichwa chini, na hawana njia ya kujua mdogo umefikia wapi. Gesi inayovuja kwenye mpira ni nzito kuliko hewa: haipai juu, inatambaa chini mpaka ikutane na moto, pengine wa jirani. Mwambie aiachie mitambo ya kujazia.

Muuza chipsi, Fuoni: Muuzaji wangu hana mizani. Anasema hakuna aliyewahi kuuliza.

Basi muulize wewe. Nenda na mizani yako ya kuning'iniza, mpime pamoja kabla pesa haijatoka mfukoni. Akikataa, duka jengine lipo. Ukipunjwa tena na tena, weka risiti na namba za mizani, kisha ipelekee malalamiko ZURA, mamlaka inayodhibiti huduma za maji na nishati Zanzibar.

Bibi wa Makunduchi: Usiku nasikia harufu mbaya, na jiko limezimwa.

Gesi yenyewe haina harufu, bibi. Ile huongezwa makusudi ili tushtuke. Taa usiiwashe, na iliyowaka usiizime, swichi hutoa cheche. Funga valvu, fungua milango, dirisha la juu peke yake halitoshi. Toa watu nje. Harufu isipopungua, waite Zimamoto ukiwa nje.

Mwalimu wa skuli, Chake Chake: Nitajuaje kilichobakia bila mizani?

Mwagia maji ya uvuguvugu ubavuni mwa mtungi, kisha pitisha kiganja kutoka juu kwenda chini. Panapogeuka baridi ndipo gesi ilipofikia. Maji yasiwe ya kuchemka.