Jinsi ya kufuma vifuniko vya viatu na miguu ambavyo havipandi wala havizunguki

Kama umewahi kupita kwenye nyasi zenye umande asubuhi unajua inavyokuwa, dakika kumi tu soksi zimeloa, mbegu za nyasi zimejaa kwenye kamba za viatu, af kakokoto kamoja kanaingia kisiginoni na hakatoki mpaka uvue kiatu chote. Kifuniko cha kufuma kinamaliza hiyo shida vizuri sana, ila kikidizainiwa vibaya kinakuwa kero nyingine, kinapanda juu, kinazunguka mguu, kinakusanya matope. Naongelea kile kitu kinachoanzia chini ya goti kikashuka mpaka kinafunika kamba za kiatu, wengine wanaita gaita, chini hakina unyayo, kina ukanda tu unaopita chini ya soli. Nimefuma pea nyingi na zile za mwanzo zote ziliharibika sehemu moja: pale chini kinapokutana na kiatu. Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ndo huo, dizaini yote ianzie kwenye kiatu, huko kwenye goti utafika tu.

Kabla hujashika sindano jiulize unataka kuzuia nini. Vumbi? Kokoto? Umande? Baridi? Miiba midogo? Maana kitambaa cha kufuma ni vitanzi na matundu, mvua kubwa hakiwezi kuizuia na usimdanganye mtu unayemfumia. Inachoweza ni kuchelewesha. Sufu inaweza kunywa unyevu kama asilimia 30 ya uzito wake kabla hujahisi kwamba imeloa, na hata ikiloa bado inahifadhi joto kiasi, ndo maana kwenye umande na ubaridi hamna uzi mwingine ninaouamini zaidi. Sufu ambayo haijasafishwa mafuta yake ya asili ya kondoo ni nzuri zaidi hapa, matone yanateleza, ina harufu kidogo ukiloa lakini kazi inafanya. Akriliki inakauka haraka, ni rahisi kufua na ni nyepesi, inafaa sana kwa vumbi na kokoto, ila usiisogeze karibu na moto maana inayeyuka, na kama unakaa karibu na moto wa kuni mara kwa mara ikwepe kabisa. Pamba kwa kazi hii siipendekezi, ikiloa inakuwa nzito, inavutika kwenda chini na haitoi joto lolote.

Halafu angalia uzi wenyewe ulivyosokotwa. Chukua uzi uliosokotwa kwa kubana, nyuzi mbili tatu au nne pamoja, laini kwa nje usio na manyoya. Uzi wenye manyoya unapendeza dukani, lakini ukipita nao kwenye nyasi zilizokauka utatoa mbegu moja moja mpaka jioni, nimeshafanya hiyo kazi na vidole viliuma. Uzi wa strendi moja nao una tabia ya kufanya kitambaa cha kawaida, kile cha vitanzi vya uso tu bila ribu, kijipinde, yaani mstari uliokuwa wima unaanza kuzunguka mguu taratibu, watu wanadhani wamekosea kuhesabu kumbe ni uzi. Ukipata uzi wa soksi wenye sufu kama asilimia 75 na nailoni 25 umepata kitu kizuri, nailoni ndo inaokoa sehemu ya chini isichakae mapema. Rangi chagua ya giza au ya mchanganyiko, ya udongo udongo hivi, utashukuru.

Sasa kupima. Pima ukiwa umevaa kiatu chenyewe na suruali au soksi utakazovaa nacho, usipime mguu mtupu. Unahitaji vipimo vitano: mzunguko wa kigimbi pale palipo panene, mzunguko juu kidogo ya kifundo cha mguu pale shingo ya kiatu inapoishia, urefu kutoka hapo mpaka vidole viwili chini ya goti, mzunguko wa ile njia ambayo ukingo wa chini utapita, yaani tepu ianze nyuma juu ya kisigino cha kiatu, ije mbele kwa pande zote mbili ikutane juu ya kamba, na mwisho urefu wa eneo la kamba kutoka juu mpaka pale kamba zinapoanza. Hivi viwili vya mwisho ndo watu wanaviruka, halafu wanashangaa kifuniko kinaacha pengo mbele hapo hapo kokoto zinapoingilia.

Fuma kipande cha majaribio, tafadhali usikiruke. Sentimita 15 kwa 15 hivi, kifue kama utakavyofua kifuniko chenyewe, kikauke, ndo uhesabu vitanzi katikati kwenye sentimita 10. Tumia sindano ndogo kuliko ile iliyoandikwa kwenye lebo ya uzi, namba moja au mbili chini, maana tunataka kitambaa kilichobana, vumbi linapita kwenye kitambaa kilicholegea kama hamna kitu. Kikiwa kigumu kidogo mkononi kuliko sweta, umepatia.

Tuchukue mfano ili hesabu ieleweke. Tuseme sampo yako, yaani kile kipande cha majaribio, ina vitanzi 20 na mistari 28 kwa sentimita 10, yaani vitanzi 2 kwa kila sentimita. Kigimbi pamoja na suruali ni sentimita 36. Kitambaa cha kufuma kinavutika na lazima kikae kikiwa kimevutika kidogo ndo kishike mguu, kwa hiyo tunapunguza kama sehemu moja ya kumi, inabaki kama 32, mara 2 unapata vitanzi 64. Juu ya kifundo ni sentimita 28, ondoa 2, inabaki 26, hivyo vitanzi 52. Ukingo wa chini tuseme ni sentimita 34, ondoa 2 tena, 32, tunarudi kwenye 64. Umeona umbo lake? Panapana juu, kinabana juu ya kifundo, kinafunguka chini kama kengele. Usipunguze zaidi ya hapo ukidhani kikibana ndo kitakaa, kikibana sana damu haipiti vizuri na miguu inakuwa ya baridi, ambacho ndo kitu tulichokuwa tunakikimbia. Namba zangu zote hapo ni nzima zinazogawanyika kwa nne, sio bahati, ni kwa sababu ya ribu, ile mifereji ya wima inayovutika, inakwenda kwa vitanzi vinne vinne.

Juu anzisha vitanzi 64 kwa ulegevu, ukiweza tumia sindano kubwa kidogo kwa ule mstari wa kuanzia tu, maana ukingo wa juu usiovutika unakata mguu. Unganisha uende mzunguko, kwa sindano ya mviringo au zile sindano tano fupi zenye ncha pande zote mbili. Fuma ribu ya mbili kwa mbili, vitanzi viwili vya uso viwili vya kinyume, kama sentimita 6. Ribu ndo inayoshika, inajirudisha kama lastiki. Kuna wanaofuma ribu mguu mzima na kusema kweli kwa mtu mwenye kigimbi kinene na kifundo chembamba hiyo ndo njia rahisi kuliko zote, huhitaji hata kupunguza sana, ila mifereji ya ribu inashika matope zaidi. Mimi napenda ribu juu tu, katikati kitambaa cha kawaida.

Baada ya ribu anza kupunguza katikati ya nyuma, vitanzi viwili kila baada ya mizunguko 8, kimoja upande huu kimoja upande ule. Ukifanya mara 6 umeondoa vitanzi 12 na umefika 52, hiyo ni mizunguko 48, kama sentimita 17. Ongeza sentimita 5 bila kubadilisha kitu. Kama mguu ni mrefu ongeza urefu hapa hapa, usiongeze kwenye ribu.

Sasa sehemu yenyewe. Weka alama kwenye vitanzi 10 vya katikati mbele. Kila mzunguko wa pili ongeza kitanzi kimoja kila upande wa hivyo 10, fanya mara 6, umerudi kwenye 64 na sasa mbele una vitanzi 22 kati ya ongezeko la kwanza na la mwisho. Kimeanza kufunguka kufuata kiatu. Hapo acha vile vingine 42 vipumzike kwenye uzi mwingine, halafu fuma vile 22 vya mbele tu, kwenda na kurudi, ukipunguza kimoja kila upande kila mstari wa pili mpaka vibaki 10. Umepata ulimi wa kama sentimita 4 unaolala juu ya kamba za kiatu. Kama eneo lako la kamba ni refu kuliko hapo, fuma mistari kadhaa bila kupunguza kwanza ndo uanze kupunguza, ndo maana tulipima. Okota vitanzi pembeni mwa ulimi, unganisha na vile vilivyopumzika, halafu zungusha ukingo wote mizunguko 6 kwa kupokezana, mmoja wa uso mmoja wa kinyume, upate yale matuta matuta. Huu ukingo usiuache hata kidogo. Kitambaa cha kawaida kina tabia ya kujikunja chenyewe pembeni, ukifunga bila matuta ukingo utakunjika kwenda juu na utageuka mfereji wa kukusanyia mchanga. Pea yangu ya kwanza nilibeba mchanga kwenye huo mfereji siku nzima.

Funga vitanzi kwa wastani, chini hapa isiwe legevu kama juu.

Mbele kwenye ncha ya ulimi shona kulabu ndogo bapa ya chuma, zile za kwenye kiuno cha suruali zinafaa, inadaka kamba ya kiatu ya chini kabisa. Hicho kidude kimoja kinafanya kazi kuliko ubunifu mwingine wote, ulimi haupandi tena. Kisha ukanda wa chini ya soli. Usiufume kwa uzi ule ule, ardhi inaukata ndani ya siku chache. Tumia ngozi, lastiki pana au kamba ya nailoni, na upite kwenye ule mbonyeo wa soli mbele ya kisigino, pale ambapo soli haigusi sana chini. Kiatu chenye soli bapa kisicho na mbonyeo kitaumaliza ukanda haraka, kwa hiyo usiushone moja kwa moja. Acha tundu dogo kila upande wa ukingo, au shona kifungo kila upande, ukanda uwe unatoka na kuingia, ukikatika unaweka mwingine kwa dakika mbili.

Kifuniko cha mzunguko bila kufunguka inabidi ukivae kabla ya kiatu, unakipitisha mguuni, unavaa kiatu, ndo unakishusha. Wengi wanaona sawa. Lakini kama ni kwa mzee asiyeweza kuinama sana, au mtu anayevaa buti nzito, fuma kwenda na kurudi badala ya mzunguko na uache upande mmoja wazi wa vifungo. Vifungo viwe upande wa nje wa mguu, ndani vitagongana na mguu mwingine ukitembea, na lile pindo linaloziba vifungo lielekee nyuma ili nyasi na vijiti visilifungue. Ongeza vitanzi 6 hivi kwa ajili ya pindo. Zipu sikushauri, kitambaa kinavutika zipu haivutiki, inaleta mawimbi.

Kuna mtu ataniuliza kwa nini tusifunike mpaka chini ya soli kabisa. Inategemea unakanyaga wapi. Kwenye barafu kuna faida ya kweli, watafiti wa Chuo Kikuu cha Otago huko New Zealand waliwapa watu soksi wavae juu ya viatu kwenye njia za mteremko zenye barafu na waliovaa soksi walisema wanateleza kidogo kuliko wasiovaa, wakapata tuzo ya Ig Nobel ya fizikia mwaka 2010, ile ya utafiti unaochekesha kwanza halafu unafikirisha. Ila kwenye vigae au sakafu laini iliyopolishwa soli ya sufu inateleza vibaya, na kwenye changarawe inatoboka. Kwa matembezi ya kawaida acha soli ya kiatu ifanye kazi yake.

Ukitaka kitu kigumu zaidi cha kuzuia miiba na unyevu, fuma kikubwa kwa sufu tupu halafu uifelti, yaani unaiosha kwa maji ya moto na sabuni ukiisugua makusudi mpaka nyuzi zishikane na vitanzi vipotee. Hakikisha lebo haisemi superwash, hiyo imetengenezwa isigande kwa hiyo utasugua bure. Kitambaa kikigandishwa huwa kinapungua zaidi kwa urefu kuliko upana, kiasi gani inategemea uzi, hivyo hapa sampo ni lazima: pima kabla, pima baada, ndo upange. Ribu ya juu na yenyewe itapoteza uvutikaji, kwa hiyo dizaini hii iwe ya vifungo.

Ukimaliza mguu mmoja usikimbilie wa pili. Vaa huo mmoja, tembea nusu siku, panda ngazi, chuchumaa, kanyaga kwenye nyasi, uone unapanda wapi na unavutika wapi, andika namba ulizobadilisha pembeni ya daftari lako, ndo ufume wa pili kwa namba hizo, na wa kwanza ufumue ile sehemu ya chini tu uirekebishe. Kuna faida ya kuanzia juu hiyo, chini panafumuka bila kugusa mguu wote, na hata mwakani ukingo ukichakaa unayafumua yale matuta unafuma mapya. Bakiza uzi kidogo wa rangi ile ile kwa ajili hiyo. Matope yakishika usiyafute yakiwa mabichi, yaache yakauke, yapukute kwa brashi, ndo ufue kwa maji ya vuguvugu na ukaushe kwa kulaza, ukivianika kwa kuning'iniza vinarefuka na ile hesabu yote ya kigimbi inaharibika.