Jinsi ya kushirikisha wananchi kwenye sera bila danganya toto

Uko serikalini, umeambiwa "hakikisha wananchi wanashirikishwa", tafadhali usikimbilie kukodi ukumbi. Kaa kwanza na bosi wako muulizane, nini bado hakijaamuliwa? Kama kila kitu kishaamuliwa na mnachotafuta ni picha za watu wamenyoosha mikono ili ripoti ipendeze, bora muache tu, watu sio wajinga na wakishajua waliitwa kupamba hawarudi tena. Sherry Arnstein, mtaalamu wa Marekani wa mambo ya ushirikishwaji, aliyaandika haya tangu 1969, akachora ngazi ya vidato 8, chini kabisa watu wanachezewa akili, juu kabisa wananchi wenyewe ndio wanaamua, na hiyo "kukusanya maoni" tunayojivunia akaiweka katikati kwenye danganya toto.

Ukishajua kilicho wazi, kiandike ukurasa mmoja. Tatizo ni hili, pesa iliyopo ni hii, njia tunazofikiria ni hizi, na hapa hatugusi kwa sababu sheria imeshafunga. Ile rasimu ndefu ya vifungu weka nayo kwa anayeitaka, lakini usitegemee mtu katoka kazini amechoka aanze kuichambua. Muda pia, kumpa mtu siku tano atoe maoni ni kejeli. Mwongozo wa Uingereza wa 2008 ulisema angalau wiki 12, baadaye wakalegeza, ila inakupa picha.

Sasa kuna hili la nani anakuja, na hapa ndipo wengi wanafeli. Ukitangaza mkutano wa wazi watakuja walewale, wenye muda, wanaharakati, na mwanasheria wa kampuni ambayo sera inaigusa, halafu unaandika "wananchi wamesema". Dawa mojawapo ni kuchagua watu kwa bahati nasibu huku ukiangalia umri, jinsia na wanakotoka vifanane na nchi ilivyo. Ireland walifanya hivyo 2016, raia 99 wa kawaida na jaji mmoja mwenyekiti, wakakutana wikendi, wakasikiliza wataalamu na pande zote zinazopingana, tena kuhusu utoaji mimba, suala ambalo wanasiasa walikuwa wanalikwepa miaka na miaka. Wakapendekeza sheria ilegezwe, na kura ya maoni ya Mei 2018 ikapita kwa asilimia 66.4. Ukifuata njia hii lipa nauli, na fikiria wenye watoto wadogo, la sivyo bahati nasibu yako itabaki na wastaafu tu.

Mtandaoni nako kuna ujanja. Taiwan 2015 walipokuwa wanabishana kuhusu Uber walitumia programu ya Pol.is ambayo haina sehemu ya kumjibu mtu, unaandika hoja yako, wengine wanabonyeza nakubali, sikubali au napita, basi. Wapenda matusi wanakosa pa kushika, na unaanza kuona mambo ambayo hata kambi zinazopingana zinakubaliana. Ila usiishie mtandaoni, asiye na bando naye ni mwananchi, kwa hiyo redio, simu na vikao vya mtaani viwepo.

Na kama unaweza, waachie watu waamue pesa kabisa. Porto Alegre kule Brazil walianza bajeti shirikishi 1989, wakazi wakawa wanapanga vipaumbele vya miradi ya jiji, na walijaa vikaoni kwa sababu waliona mifereji na lami vinafika kwao.

Kabla hujaanza kukusanya chochote, pata ahadi ya maandishi kutoka kwa waziri au yeyote mwenye kauli ya mwisho, atafanya nini na matokeo. Iceland baraza la watu 25 liliandika rasimu ya katiba 2011 huku watu wakichangia hadi Facebook, mwaka uliofuata theluthi mbili ya waliopiga kura wakakubali iwe msingi wa katiba mpya, ila kura ile haikuwa inalifunga bunge, na bunge halikuipitisha.

Mwisho andaa jedwali, safu tatu tu: walichosema, tulichofanya, kwa nini. Tena pale mlipokataa ndio mueleze zaidi, "tumezingatia maoni yako" sio jibu. Halafu lirudishe kwa njia ileile mliyowapatia watu, kama walipiga simu redioni basi nenda redioni ukalisome.