Kiangazi cha British Columbia: bima hailipi tahadhari ya kuhama, inalipa amri

Aliyezoea kusoma mwelekeo wa mvua za masika wa TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania) hatapotea kwenye mwelekeo wa kiangazi wa Kanada. Lugha ni ileile: wastani, juu ya wastani, chini ya wastani, pamoja na asilimia za uwezekano. Environment Canada, idara ya hali ya hewa ya huku, huutoa kwa miezi mitatu mitatu, na ramani ya Juni hadi Agosti ya mkoa wetu wa British Columbia ikiwa nyekundu, yaani joto juu ya wastani, watu wetu husema, "Joto gani hilo, sisi wa Dar?" Mambo yanaishia hapo.

Wastani wa miezi mitatu haukwambii lolote kuhusu wiki moja mbaya. Tarehe 29 Juni 2021 kijiji cha Lytton kilifika nyuzi joto 49.6, rekodi ya Kanada nzima, na kesho yake kikateketea kwa moto. Ofisi ya mkoa inayochunguza vifo ilihesabu watu 619 waliouawa na joto lile. Karibu wote walidhurika wakiwa ndani ya nyumba zao. Nyumba nyingi za huku, hasa za pwani, zilijengwa kutunza joto la ndani lisitoke, wala hazina kiyoyozi, kwa hiyo usiku hazipoi kama chumba chako cha Tanga chenye dirisha la nyavu.

Jiografia yenyewe haina fumbo. Vancouver inapozwa na bahari. Ukishavuka milima ya pwani kwenda Kamloops au bonde la Okanagan, uko kwenye kivuli cha mvua, kama Same nyuma ya milima ya Upare: kukavu, upepo, majani ya njano. Radi ikipiga msitu uliokauka, moto huo. Na wewe wa pwani usijione umepona, kwa sababu upepo ukitoka bara moshi unakufuata hadi baharini. Mimi binafsi kuliko ramani nyekundu naangalia taarifa ya theluji ya milimani, ambayo mkoa huitoa kuanzia Januari hadi Juni. Theluji ikiwa haba au ikiyeyuka mapema, Agosti mito inashuka na misitu inakauka. Hiyo imenisaidia kujipanga kuliko asilimia zote.

Sasa tuje kwenye jambo lililoniumiza, na nitalirudia mpaka mnichoke.

Moto ukikaribia, serikali ya mtaa hutoa kwanza tahadhari ya kuhama: jiandae, unaweza kuambiwa uondoke muda wowote. Baadaye, ikibidi, inatoa amri ya kuhama: ondoka sasa. Sisi tulikuwa bonde la ndani, mama yupo nasi kwa super visa (visa ya wazazi ya kukaa muda mrefu), kifua chake cha pumu, watoto wadogo, na moshi umeshaziba kilima cha mbele. Tahadhari ilipotoka tukapakia gari na kuondoka jioni ileile. Nani mwenye akili timamu angemkalisha mama yake kwenye moshi akisubiri karatasi nyingine? Tukalala hoteli, tukala mgahawani, tukajaza mafuta, risiti zote nikazitunza. Amri ya mtaa wetu ilikuja baadaye. Bima ikalipa kuanzia saa ya amri. Gharama za kabla ya hapo, sauti ya upole kwenye simu ikaniambia, "zilikuwa hiari yenu." Nikaomba msimamizi. Msimamizi naye alikuwa mpole vilevile.

Basi elewa: bima nyingi za nyumba huku hulipia malazi ya dharura pale mamlaka inapoamuru uondoke. Tahadhari si amri. Hata kama angani pamekuwa rangi ya chungwa saa nane mchana, tahadhari si amri. Sisemi ukae uisubiri. Ondokeni mapema, hasa mkiwa na mzee au mtoto, ila ondokeni kwenda kwa watu: kwa binamu Surrey karibu na Vancouver, kwa yule jamaa wa kanisani au msikitini, siyo kwenye hoteli ya kadi ya mkopo mkidhani mtarudishiwa. Na leo, kabla ya moshi wowote, iandikie bima yako barua pepe uulize swali moja: mnalipa kwenye tahadhari au kwenye amri tu? Jibu la simu halitoshi. Litakiwe kwa maandishi.

Msaada wa dharura wa serikali kwa waliohamishwa, ule uitwao ESS, kwa kawaida huwalenga waliopewa amri, na huanza kwa saa 72. Ni wa chakula, malazi na nguo, siyo wa kukulipia kilichoungua. Kujiandikisha kwa simu unahitaji programu ya BC Services Card (kitambulisho cha mkoa) iliyokwisha kuthibitishwa, na kuithibitisha huku moto unakukimbiza ni adha. Fanya Mei.

Kuna upande wa pili wa mtego huu. Moto ukishakuwa karibu, kampuni za bima huacha kuuza bima mpya katika eneo hilo. Utapiga simu, utaambiwa pole, urudi hali ikitulia. Ndugu zangu wapangaji mnaosema "mwenye nyumba ana bima", bima yake ni ya kuta na paa lake. Kochi lako, kompyuta yako, vitenge vya mkeo, hayo hayamhusu. Na nyie mnaosema bima ni wizi, tukiungua tutachangishana kwenye grupu la WhatsApp: nawapenda, lakini grupu hilohilo bado linadaiwa michango ya harusi ya mwaka jana. Bima ya mpangaji nunua kabla ya moshi. Kabla ya moshi!

Mengineyo mnayajua: pasipoti, kadi ya PR (ya ukaazi wa kudumu) na dawa kwenye begi moja, tangi la gari lisishuke nusu, barakoa za N95 za kuchuja moshi. Kama una mgonjwa na kipato ni kidogo, ulizia mpango wa BC Hydro, shirika la umeme la mkoa, wa viyoyozi vya bure ulioanza 2023.

Wenyeji, niwasifu na niwalaumu. Agosti 2023 moto uliporuka ziwa Okanagan kutoka West Kelowna hadi Kelowna, watu walifungulia wageni kabisa nyumba zao. Lakini katika wale 619 wa mwaka 2021, zaidi ya nusu walikuwa wakiishi peke yao. Jirani wa huku atakusalimia kwa habari za hali ya hewa miaka mitano bila kukuuliza kama umekula. Faragha wanaiheshimu mno, hadi mtu anafia nyuma ya ukuta wake. Msiige hilo. Siku za joto gonga mlango wa bibi wa ghorofa ya juu, hata akikushangaa.

Nyama choma: wakipiga marufuku moto wa kambi, faini ya kuwasha ni dola 1,150. Tumia jiko la gesi, usijitetee kwamba kwenu Kiteto mlichoma bila kibali.

Mito nayo. Mwezi Juni nje kuna joto lakini maji ya Fraser na Thompson ni theluji iliyoyeyuka, yanakwenda kasi, na baridi yake hukaza misuli ya mtu aliyekulia kuogelea Bahari ya Hindi. Vijana, mnisikie.

Kuhusu wazazi wanaotaka kuja "wakati wa joto" wakibeba masweta sita: mama mdogo, Julai na Agosti siyo miezi ya kuwaonyesha Kamloops. Agosti ile ya 2023 mkoa ulizuia hata wasafiri wasio wa lazima kulala hotelini Kelowna, Kamloops na miji mingine ya huko ndani, na waliolipia likizo wakabaki kubishana na hoteli. Waleteni Mei au katikati ya Septemba, na bima ya afya ya super visa muulize kabla ya kulipa kama inahudumia pumu aliyokuja nayo mgonjwa.