Nyanya alikuwa mkunga? Hivi ndio utakusanya habari zake

Kama nyanyako alikuwa mtu wa kuzalisha, kukanda wamama waliojifungua na kukesha na wagonjwa huko Lamu, mitaa ya Langoni ama Mkomani, jua tu makaratasi hutapata. Hakuna barua ya kazi wala peisilipu, kwa hivyo wachana kwanza na lile daftari la "alizaliwa, akaolewa, akafariki", nenda kwa watu aliowashika.

Kwenye khitma yake (kisomo cha kumwombea marehemu) watakuja wengi lakini usitoe simu watu wakisoma, ni aibu. Siku zikipita ndio upite nyumba kwa nyumba, alasiri wamama wakishapumzika, na usiende mkono mtupu, beba hata mahamri. Anza na wazee.

Sasa maswali, hapa ndio wengi wanaharibu. Ukiuliza "nyanya alikuwa mtu wa aina gani" utaambiwa mzuri, mwenye imani, Mungu amrehemu, basi, imeisha hiyo. Uliza kazi ya mikono: alikukanda na mafuta gani, mkaja (kile kitambaa cha kufunga tumbo baada ya kuzaa) aliufunga vipi, uji wa pilipili manga alipika yeye ama alimwachia mamako, alikuja siku ngapi, alipewa pesa ama leso ama mchele, na damu ikizidi alifanyaje, na kama ni usiku na nyinyi mko kijijini Matondoni mlifikaje hospitali, kwa punda ama kwa mashua? Hapo utaona mtu anajiweka sawa kwa mkeka na habari inatoka yenyewe.

Miaka hawakumbuki, usiwabane. Uliza kabla ama baada: uhuru 1963, jela ilipokuwa bado ndani ya Ngome ya Lamu (mpaka 1984), mvua za El Nino za 1997, na 2013 serikali iliposema kuzaa hospitali zake ni bure, uliza kama kazi yake ilipungua hapo. Lakini kalenda nzuri kuliko zote ni wale watoto aliowazalisha, manake kila mmoja leo ana kipande (kitambulisho) na kipande kina mwaka wa kuzaliwa, ukiwauliza kumi tu ushajua alikuwa akifanya kazi lini na mitaa gani (wazee kidogo uwe makini, wengine waliandikiwa mwaka wa kukisia).

Kurekodi simu yatosha. Omba ruhusa, zima feni, adhana ikianza ngoja iishe. Walioko Mombasa ama Oman watume voisi za WhatsApp ila usiziache hapo, simu ikiharibika zimekwenda, zihamishe na kila moja uipe jina la msemaji, mtaa na tarehe. Na wakiongea Kiamu, Kiswahili cha Lamu, andika Kiamu, usiwasanifishie.

Halafu kuna siri. Mkunga huingia vyumba ambavyo hata dada wa mtu haingii, mimba zilizoharibika, maradhi, mtoto ni wa nani, yeye alinyamaza miaka yote hiyo na wewe ukisikia zima rekoda, usiandike hata kwa kuficha jina, Lamu ni ndogo watajua tu.

Kabla ya kuchapisha rudi ukawasomee kwa sauti waliokuhadithia, wengi wangependa kusikia kuliko kusoma, na jiandae kukosolewa, kuna mama lazima atasema huyo si kifungua mimba wangu, huyo ni wa tatu, andika upya.