Ukiambiwa "weka kidole hapa": kwa wageni wakaazi wa Mbeya na Nyanda za Juu Kusini

Wakuu habari zenu. Mimi nashinda steshenari maeneo ya Mwanjelwa, kazi yangu ni kopi, skani na kujaza watu fomu za mtandaoni, na kwa jinsi mpaka wa Tunduma ulivyo pale na wa Kasumulu ulivyo pale, wateja wangu wengi sio Watanzania. Wapo Wakongo wa vitenge, Wazambia waliooa huku, Wamalawi, Wachina wa mitambo, wazungu wa misheni wanaoshuka kutoka Njombe na Tukuyu. Wote siku hizi wanaambiwa weka kidole hapa, angalia kamera hapa, halafu wakija kwangu wananiuliza, hivi ndugu yangu, vidole vyangu vinaenda wapi? Nimejibu mpaka nimechoka, bora niandike. Kama wewe ni mwenyeji una mpangaji, shemeji au mfanyakazi mgeni, msomee na yeye.

Jambo la kwanza kabisa, kabla hujanyoosha mkono jiulize anayetaka kidole anakitaka kwa sheria au kwa matakwa yake tu. Ukishajua hilo nusu ya kazi umemaliza.

Wanaotaka kwa sheria hawazidi vidole vya mkono mmoja. Uhamiaji wanakuchukua alama na picha mpakani na kwenye mambo ya vibali. NIDA, yaani Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, wanasajili makundi matatu, raia, wageni wanaoishi nchini kihalali, na wakimbizi, kuanzia miaka 18, na pale unatoa vidole vyote kumi, picha na saini. Hii haijaanza jana, sheria ya usajili na utambuzi wa watu ni ya mwaka 1986, ila mashine ndio zimekuja baadaye. Halafu kuna laini ya simu, usajili wa kidole ulianza Mei 2019 na mnakumbuka Januari 2020 laini zilivyozimwa watu wakapanga foleni mpaka usiku. Hapo hakuna cha kubishana, ukikataa unabaki bila kibali, bila laini, bila akaunti ya benki. Na usidhani unaonewa kwa sababu ni mgeni, maana na sisi wenyeji vidole vyetu viko humo humo. Kuna nchi wanachukua vya wageni peke yao, Japani kwa mfano, miaka ya 80 Wakorea waliozaliwa kule kule waligoma kuweka kidole, ikaja kufutwa kabisa mwaka 2000, halafu 2007 wakairudisha kwa wageni wanaoingia kupitia viwanja vya ndege na bandari.

Wanaotaka kwa matakwa yao ni wengi sasa. Mwajiri mwenye mashine ya kusaini asubuhi, hosteli, jimu, kijana wa mkopo wa simu anayetaka upige selfi ukiwa umeshika pasi. Hawa una haki ya kuwauliza maswali na nitakuja huko chini. Kinachoniuma mimi ni kwamba watu wanaogopa serikali halafu kwa hawa wa pili wanatoa kila kitu wanacheka. Paswedi ikivuja unabadilisha jioni hiyo hiyo, dole gumba utalibadilishia wapi?

Siku ya kwenda kuchukuliwa alama

Hapa naongelea mikono, maana ndipo watu wanapopoteza siku nzima. Mashine haisomi kidole kama tunavyosoma sisi, inatafuta zile sehemu ambazo mistari ya ngozi inakatika au inagawanyika mara mbili, inaziweka kwenye ramani, ndiyo inayokwenda kulinganishwa. Sasa kama mistari imesagika hakuna ramani. Fundi anayeshika saruji, anayemenya ndizi Rungwe mpaka utomvu umegeuka rangi kwenye ncha za vidole, mvunaji wa viazi kule Uyole, wote hawa mashine inawakataa. Na baridi ya kwetu mwezi wa sita na wa saba ndio usiseme, ngozi inakauka inakuwa kama gome, ukienda NIDA Makete saa mbili asubuhi umetoka na bodaboda mikono wazi basi jiandae kurudia.

Kwa hiyo siku tatu nne kabla punguza saruji na utomvu, paka mafuta mazito usiku, ya mgando yanafaa. Asubuhi ya siku yenyewe osha mikono kwa sabuni na maji ya vuguvugu, kausha, usipake mafuta mengi muda huo maana yanateleza kwenye kioo. Ukifika ficha mikono kwenye koti mpaka uitwe. Hina na piko kwenye ncha za vidole nazo ziepuke. Kama kidole kimoja kina jeraha sema mapema, kuna namna ya kuandika kwamba kidole hiki hakipo au kimeumia, usilazimishe.

Nyaraka beba zile original pamoja na kopi: pasi ya kusafiria, kibali cha ukaazi ambacho bado hakijaisha, iwe daraja A la wawekezaji na wenye biashara zao, B la walioajiriwa au C la wanafunzi, wamisionari, wanaojitolea na watafiti, na barua ya serikali ya mtaa unapoishi. Malipo yoyote ni kwa kontrol namba, ile namba ya kulipia serikalini, mtu akikwambia nipe mkononi nikusogezee foleni achana naye, sio tu kwa sababu ya rushwa, huyo atabaki na kopi ya pasi yako na namba yako ya simu.

Kwenye skrini kabla hawajabonyeza mwisho omba usome jina lako. Majina ya Kikongo na ya Kichina yanageuzwa sana, la ukoo linakuja mbele, la mwisho linapotea, na kosa likishaungana na vidole vyako kulitoa ni safari. Ukishapata namba ya NIDA kumbuka zile tarakimu 20, nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku yako ya kuzaliwa. Ukimtajia mtu namba umemtajia na tarehe ya kuzaliwa, ndio maana mimi siipendi kabisa ile tabia ya kuiandika kwenye madaftari ya getini.

Pale kwenye mwamvuli wa wakala wa laini

Hili nalieleza kwa urefu kwa sababu nimeliona. Mwaka juzi alikuja mteja wangu, baba mmoja wa vitenge kutoka upande wa Congo, mkaazi halali, kitambulisho anacho. Kapigiwa simu na mtu anamdai pesa za mzigo asioujua, namba iliyomtapeli yule mtu imesajiliwa kwa jina la huyu mteja wangu. Ananiambia, "Mimi niko na laini moja tu, ndugu yangu, naapa." Nikamwambia tupige *106#, inaonyesha laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Zikaja laini tatu.

Tukaanza kurudi nyuma, siku unasajili ilikuwaje? Akasema kijana alimwambia kidole hakijasoma, rudia. Akarudia. Kijana akafuta kile kioo kidogo na shati, akasema rudia tena mzee, mtandao unasumbua. Mara tatu. Yaani kila akirudia laini nyingine inasajiliwa na yeye amesimama pale anashukuru. Sio mawakala wote wako hivyo, wengi ni vijana wanaotafuta riziki na kweli mtandao unasumbua, lakini kwa macho huwezi kuwatofautisha.

Basi fanya hivi. Kama unaweza nenda duka lenyewe la kampuni ya simu, sio mwamvuli. Ukiwa kwa wakala simama upande wa skrini, usimame uone, sio kukaa kwenye kiti unachati. Ukiambiwa rudia mwambie nionyeshe imeandika nini. Ikiwa imeandika imefanikiwa halafu anataka tena, toa mkono ondoka. Wakala hana kazi na picha ya pasi yako kwenye simu yake binafsi, akitaka kuipiga kwa kamera ya kawaida badala ya ile programu ya kampuni, mkatalie. Ukifika nyumbani piga *106# fuata maelekezo, kisha jiwekee utaratibu kila baada ya mwezi au miwili. Ukikuta laini huijui nenda duka la kampuni na kitambulisho waifute, na kama imeshatumika kwa utapeli pitia polisi kwanza uchukue RB, yaani namba ya taarifa uliyofungua pale kituoni, hiyo karatasi itakuokoa siku mwenye hasira akija na mgambo. Meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" zitume 15040.

Yule baba zilifutwa mbili. Wiki mbili alizunguka, duka limefungwa nusu.

Sasa na sisi wa steshenari

Nitajisema mwenyewe. Siku nilipoanza kazi hapa nilifungua folda la skani kwenye ile kompyuta nikakuta pasi za watu tangu sijui lini, sura, saini, vibali, cheti cha ndoa cha mtu. Mtu yeyote aliyekuja kuprinti karatasi zake za bahati nasibu angeweza kuzibeba kwenye flashi. Na hapa uelewe, picha ya sura nayo ni alama ya mwili, mashine za siku hizi zinalinganisha sura kama zinavyolinganisha kidole.

Ukija kwangu au kwa mwenzangu yeyote, usitoke kabla hujafanya haya mbele ya macho yako: faili lifutwe kwenye folda la skani, lifutwe Downloads, lifutwe na kule kwenye kapu la taka la kompyuta maana watu wanasahau kapu. Toka kwenye imeili yako. Kama ulifungua WhatsApp kwenye kompyuta, kwenye simu yako nenda vifaa vilivyounganishwa utoe. Kopi iliyoharibika usiiache, ichane au ondoka nayo, hapa Mwanjelwa utakuja kufungiwa karanga kwenye pasi yako mwenyewe, sitanii, nimeona.

Kopi ya kumpa mwenye nyumba, dalali au mwajiri piga mistari miwili ya kalamu kwa mshazari, katikati andika ni ya nini na tarehe, mfano "kwa mkataba wa chumba tu", usifunike jina. Ila zile za kupakia kwenye mfumo wa Uhamiaji ziache safi, ukizichorachora zitarudishwa.

Kazini, na popote pasipo na lazima

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ilizinduliwa na Rais Samia Aprili 2024. Alama za mwili zimewekwa kwenye kundi la taarifa nyeti, kwamba kwa kawaida mtu anatakiwa apate ridhaa yako ya maandishi kabla hajazichakata, isipokuwa pale sheria nyingine inapomruhusu. Na sio ya raia peke yake. Hata Katiba yetu Ibara ya 16 kwenye faragha inaanza na "Kila mtu", haijasema kila raia.

Kwa hiyo bosi akileta mashine ya kidole muulize kwa heshima, hapa kwetu ukienda kwa kufoka umeshapoteza. "Samahani mkuu, hizi alama zinakaa kwenye mashine hii hapa au zinaenda mahali? Nani mwingine anaziona? Nikiondoka zinafutwa?" Mashine nyingi zina uwezo wa kutumia kadi au namba ya siri badala ya kidole, omba hiyo. Kama karatasi ya ridhaa iko Kiingereza na wewe unasoma Kifaransa, usisaini siku hiyo, nenda nayo nyumbani. Akikuzungusha una haki ya kuomba uone wanachohifadhi juu yako, kirekebishwe au kifutwe. Andika barua, baki na nakala yenye muhuri wa mapokezi, wakikaa kimya ndio unapeleka malalamiko Tume ukiambatanisha nakala hiyo.

Na yeyote anayekupa hela ili akuchukue macho au sura, kimbia. Nairobi mwaka 2023 watu walipanga foleni kupigwa macho na kile kidude cha mviringo cha Worldcoin, mradi wa sarafu ya mtandaoni, Agosti serikali ikasimamisha, Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru taarifa zile zifutwe. Hela zilikuwa zimeshaliwa zamani.

Mwisho wa mkataba, wiki ya kuondoka, wengi wanakumbuka kudai mshahara na kusahau kidole. Dai na kidole. Mwite anayesimamia mashine, aingie kwenye orodha ya watumiaji, atafute jina lako, afute, haichukui hata dakika moja. Kisha weka dole gumba kwenye kioo. Ikilia kwa kukukataa ondoka zako, ila ikikushukuru kama kila asubuhi, mwambie arudie.