Kabla ya kununua kopo la unga wa protini

Anayenyanyua vyuma ili kujenga misuli anahitaji takriban gramu 1.6 za protini kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake, yaani kama gramu 112 kwa mtu wa kilo 70, na kiasi hicho hupatikana kwa mayai, ambayo kila moja lina gramu 6 hivi, pamoja na maharage, maziwa, nyama na dagaa wakavu, chakula ambacho kwa maoni yangu hakipewi heshima kinayostahili. Akishakifikia kiasi hicho cha protini, unga wa protini wa dukani hautamwongezea mengi, kwa kuwa nao ni chakula tu, mara nyingi kilichotokana na maziwa, ingawa humfaa asiyepata nafasi ya kupika. Kreatini, kemikali ya asili inayosaidia misuli kupata nishati haraka, ni jambo jingine: gramu 3 hadi 5 kwa siku huongeza nguvu katika mazoezi mazito, na ni vigumu kuipata kwa wingi huo katika nyama pekee. Mwenye ugonjwa wa figo amwone daktari kwanza. Nawasihi vijana waepuke kabisa vidonge vinavyoahidi misuli kwa wiki mbili, kwani baadhi ya bidhaa za namna hiyo zimewahi kukutwa na homoni zisizotajwa kwenye lebo.