Jinsi ya kuiona Vesta kwa darubini ya mkono

Nikisema Vesta, asteroidi, yaani mwamba mkubwa unaozunguka Jua, inaonekana kutoka uani kwangu hapa Dodoma, watu hudhani nina mtambo wa mamilioni. Nina darubini ya macho mawili ya 10x50 (inakuza mara kumi, lenzi za mbele zina upana wa milimita 50), kama ile ya kutazamia wanyama mbugani, pamoja na daftari na penseli. Kwa Vesta inatosha kabisa. Ina upana wa takribani kilomita 525 tu, lakini inang'aa kuliko asteroidi nyingine zote, kwa sababu uso wake unarudisha zaidi ya theluthi moja ya mwanga wa Jua. Ceres, asteroidi nyingine, inaizidi karibu mara mbili kwa upana, ila ni nyeusi kama mkaa.

Kwanza subiri wakati wake. Kila baada ya miezi 16 au 17 Dunia hupita kati ya Jua na Vesta, na majuma machache kabla na baada ya hapo ndiyo ya kuitafuta. Ilikuwa hivyo Mei 2025. Zamu inayofuata ni katikati ya Oktoba 2026. Sisi wa bara tumepata bahati: mvua zitakuwa bado, mwezi utakuwa mchanga, na ikifika saa sita usiku na kitu Vesta itakuwa juu sana angani. Wa pwani muwahi kabla mawingu ya vuli hayajatanda.

Kaa mbali na taa za barabarani. Funika tochi kwa kitambaa chekundu, kisha yape macho nusu saa yazoee giza. Usitazame ukiwa umesimama, shingo itachoka na mikono itatetemeka. Tandika mkeka, lala chali, viwiko uviegemeze kifuani.

Mapema jioni fungua Stellarium, programu ya simu ya ramani ya anga, andika Vesta, uone iko karibu na nyota zipi. Halafu simu iweke kando. Najua wengi huishia hapo: wanainua simu, wanaona jina limeandikwa juu ya kinukta, basi wanasema wameiona. Mimi sikubali. Simu ikupeleke mtaani tu, nyumba uitafute mwenyewe.

Chora duara kubwa kwenye daftari, liwe ndilo eneo unaloliona ndani ya darubini. Anza na nyota zinazong'aa zaidi, nukta nene. Zilizofifia, nukta ndogo. Pima umbali kwa jicho: hizi tatu zinafanya pembetatu, ile iko nusu ya njia kati ya hizi mbili. Usikisie bado ipi ni Vesta. Chora zote kwa haki, uandike tarehe na saa pembeni, maana mchoro usio na tarehe hauna kazi.

Rudi kesho yake, au keshokutwa, saa ileile, uchore upya bila kufungua ukurasa wa kwanza. Ndipo ulinganishe. Nyota zote zitakuwa palepale isipokuwa moja. Kwa usiku mmoja Vesta husogea takribani nusu ya upana wa mwezi mpevu, na ukiruka usiku mmoja tofauti haijifichi. Heinrich Olbers, daktari wa Bremen, Ujerumani, alipoigundua tarehe 29 Machi 1807, mwendo huohuo ndio uliomthibitishia, kwani hata kwenye darubini za wakati huo ilibaki nukta.

Ukishaijua, itazame kwa utulivu. Chombo cha Dawn cha NASA, shirika la anga la Marekani, kiliizunguka kuanzia 2011 hadi 2012, kikapiga picha shimo la Rheasilvia upande wa kusini: upana wake kama kilomita 500, na katikati yake mlima unaozidi kilomita 20 kwenda juu. Vipande vya Vesta vimefika hadi Afrika. Wanasayansi wanahesabu kimondo kilichoanguka Tatahouine, Tunisia, mwaka 1931, kuwa kimojawapo.

Endelea kuchora kila anga likiwa safi hadi mwishoni mwa Novemba. Michoro mitano au sita ukiiunganisha kwenye ukurasa mmoja utapata njia yake nzima, uliyoichora kwa mkono wako.